Panya Nyumbani: Namna ya Kuwaondoa kwa Ihsani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitambaacho na kirukacho, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baadu. Ni chache nyumba za pwani zisizo panya, na ni nyingi zilizo na paka. Tena si ajabu nyumba moja kuwa na wote wawili, na kuku uani, na tundu la njiwa juu ya ukuta. Mwenye nyumba akichoshwa na kelele za darini na magunia yaliyotobolewa, huenda dukani akanunua sumu, akaipaka katika kipande cha mkate, akakiweka nyuma ya kabati. Baada ya siku tatu huokota panya wawili wamekufa. Siku ya nne paka wa jirani huonekana uchochoroni, hawezi kusimama, na damu yamtoka puani. Na panya waliosalia darini wanaendelea na shughuli zao.

Mtu huyu ameanza na jambo aliloruhusiwa na sharia, kisha akalifikisha mahali asiporuhusiwa. Somo hili ni la kueleza mpaka huo: ruhusa yaanzia wapi, yakoma wapi, na ni njia gani itakayomtoa panya nyumbani pasi na kumdhuru asiyekuwa na kosa.

FASILI YA KWANZA: HUKUMU YA PANYA

Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwataja wanyama watano waharibifu ambao huuawa ndani ya Haramu na nje yake. Miongoni mwao ni panya, pamoja na kunguru, mwewe, nge na mbwa mkali. Kwa hadithi hii wanavyuoni wa Kishafi wamesema kwamba kumwua panya ni sunna, kwa kuwa dhara yake kwa watu ni kubwa. Basi mwenye kuua panya wa nyumbani kwake hana haja ya kuona haya wala kujilaumu.

Lakini hadithi hiyo haisimami peke yake. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Shaddad bin Aws kwamba Mwenyezi Mungu amefaradhisha ihsani katika kila jambo, hata katika kuua: anayeua na aue vizuri, na anayechinja anoe kisu chake na kumpumzisha mnyama wake. Neno "kila jambo" halikumtoa panya. Vilevile Mtume (s.a.w.) amekataza kuadhibu kwa moto, na amekataza kiumbe chenye roho kufungwa kikafanywa shabaha.

Yatazamwe pia yaliyopokewa na Ibn Umar juu ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Mwanamke huyo hakumpiga paka wala hakumchoma. Alimfunga tu, asimpe chakula, wala asimwache akajitafutia wadudu wa ardhi mpaka akafa. Kosa lake lilikuwa ni kukifunga kiumbe hai kisha kukisahau. Na atendaye mfano wa hayo kwa panya, akamnasa mtegoni Ijumaa na kumkumbuka Jumatatu, na aogope.

Kutokana na hadithi hizi yapatikana kanuni ambayo somo zima limejengwa juu yake: ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa, wala si ruhusa ya kumdhuru mwingine.

FASILI YA PILI: SABABU YA PANYA KUINGIA

Panya haingii nyumbani kwa uadui. Huingia kwa kutafuta mambo matatu: chakula, maficho na njia. Akiyapata yote hukaa na kuzaa. Panya mdogo wa nyumbani huchukua mimba kadiri ya siku 20, huzaa watoto watano hadi wanane kwa mara moja, na watoto hao huanza kuzaa wenyewe wafikapo umri wa wiki sita. Kwa hiyo anayeua panya wawili kwa mwezi, na gunia la mchele li wazi ghalani, anateka maji kwa pakacha.

Madhara yao si ya kukata nguo na vitabu peke yake. Hukojoa wapitapo, na mkojo huo huweza kubeba maradhi. Mwezi wa Julai mwaka 2022 ulitokea mkoani Lindi, Tanzania, ugonjwa ulioua watu watatu katika watu ishirini waliotangazwa kuugua. Serikali ilieleza baada ya uchunguzi kwamba ni homa ya mgunda, ugonjwa uenezwao kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwa miongoni mwao. Basi kumwondoa panya ni katika kuhifadhi nafsi na mali, na yote mawili sharia imeamuru yahifadhiwe.

FASILI YA TATU: KUFUNGA CHAKULA NA NJIA

Hii ndiyo dawa ya asili, nayo haimwui mtu wala mnyama. Wazee wa pwani waliijua. Walitungika vyakula katika susu inayoning'inia kwenye boriti, wakafunika sinia kwa kawa, na mitungi ya nafaka wakaitia vifuniko vizito. Nayo yaafikiana na maamrisho ya Mtume (s.a.w.) yaliyopokewa na Jabir: kufunika vyombo usiku, kufunga milango, na kuzima taa wakati wa kulala. Sababu aliyoitaja ya kuzima taa ni panya mwenyewe, kwamba huweza kuuburuta utambi akawaunguzia watu nyumba. Leo khatari hiyo ipo katika koroboi na mshumaa, na imezidi kwa waya za umeme ambazo panya huzitafuna ndani ya dari, na hasa nyumba iliyoezekwa makuti.

Basi mwenye nyumba na afanye haya kwa taratibu.

Kwanza, mchele, unga, kunde na sukari vitiwe katika madebe ya bati au vyombo vya kioo vyenye vifuniko. Mfuko wa plastiki na gunia si kizuizi kwa meno ya panya.

Pili, chakula cha wanyama kisilale nje. Nyumba nyingi hufunga chakula cha watu na kusahau sahani ya paka, pumba za kuku, na mtama unaomwagika chini ya tundu la njiwa au la kasuku. Hicho ndicho kinacholisha panya usiku. Paka alishwe kwa wakati wake, kisha sahani iondolewe na kuoshwa. Chini ya matundu pafagiwe kabla ya magharibi.

Tatu, zitafutwe njia zao. Unga kidogo au jivu linyunyizwe ukutani kwa chini usiku, na asubuhi nyayo zitaonyesha watokako na waendako. Panya mdogo hupita katika tundu lenye upana wa milimita 6, yaani upana wa kalamu ya risasi. Kwa hiyo tundu lisidharauliwe kwa udogo. Katika nyumba za mawe na chokaa patazamwe hasa pale boriti zinapoingia ukutani, na pale mabomba yanapopita. Tundu lijazwe waya wa kusugulia sufuria, kisha lipigwe saruji au chokaa juu yake. Kitambaa na karatasi havifai, kwani panya huvifanya tandiko la watoto. Chini ya mlango pigiliwe ubao au bati mpaka mwanya uzibe.

Mabaharia wana hekima ya namna hii. Meli ikifunga gatini, huvikwa katika kamba zake visahani vikubwa vya bati, ili panya wa nchi kavu wasipande melini, wala wa melini wasishuke. Hawakungoja panya aingie ndipo wamfukuze. Walimfungia njia angali nje.

Ama wale wanaotegemea harufu ya mnanaa, au vyombo vinavyotoa sauti isiyosikika, na wajue kwamba panya huzoea mambo hayo upesi, hasa palipo na chakula. Na vidonge vyeupe vya kabatini, vile vya naftalini, visitapanywe sakafuni, kwani ni sumu kwa paka na kwa mtoto mchanga atambaaye.

FASILI YA NNE: MITEGO

Baada ya kufunga chakula na njia, watabaki panya wachache waliofungiwa ndani. Hao ndio wa kutegwa. Mitego inayofaa ni ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni kizimba kinachomnasa panya akiwa hai. Huyu yuko katika mikono ya aliyemtega, na haki yake ni kutokufa kwa kiu wala kwa jua. Kwa hiyo kizimba kiwekwe kivulini, nacho kitazamwe asubuhi na jioni, bila kukosa. Asiyeweza kukitazama, au anayesafiri, asikitege. Akishanaswa, afunikwe kwa kitambaa ili atulie, apelekwe mbali na majumba ya watu, aachiwe porini. Kumwachia kwenye kiwanja cha jirani si ihsani, bali ni kumhamishia jirani dhara. Na kumwachia nyuma ya ukuta ule ule ni kazi bure, maana atarudi kabla ya alfajiri.

Namna ya pili ni mtego wa kubana wenye nguvu, unaoua kwa pigo moja. Mtego huu ukiwa mzuri waafikiana na amri ya kuua vizuri. Ukiwa mbovu, chuma kimelegea, huvunja mguu na kumwacha panya akihangaika, basi uharibiwe na ununuliwe mwingine. Hutegwa ukingoni mwa ukuta, kwani panya hupenda kwenda ubavuni mwa ukuta, na upande wa chambo uelekee ukutani. Chambo kiwe kidogo mno, kama punje ya njugu au kipande cha nazi iliyochomwa. Na palipo na paka au watoto, mtego utiwe ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa na kutobolewa tundu dogo la panya kupita, ambalo mkono wa mtoto na mguu wa paka haviingii.

Akikutwa panya aliyejeruhiwa bado yu hai, amalizwe mara moja kwa pigo moja la nguvu. Asitupwe jaani akihema, wala asizamishwe katika ndoo, maana kuzama ni kufa kwa kuchelewa. Wala asipewe watoto kumchezea, kwani mtoto anayefundishwa kucheka mateso ya panya leo, kesho atayacheka ya punda. Na likionekana kiota chenye watoto ambao mama yao ameshauawa, wasiachwe wafe kwa njaa. Wamalizwe upesi kama mama yao.

FASILI YA TANO: SUMU NA GUNDI

Sumu nyingi za panya ziuzwazo madukani hufanya kazi ya kuzuia damu isigande. Panya akiila hafi siku hiyo. Huendelea kutembea siku kadhaa, damu ikimvuja ndani kwa ndani, huku akidhoofika na kupunguza mbio. Na mnyama aliyepunguza mbio ndiye paka humkamata kwanza. Hivyo sumu iliyowekwa darini kwa ajili ya panya huingia tumboni mwa paka, na bundi, na kanu, nao hawakuigusa chambo. Tena panya mwenyewe hufia ndani ya ukuta au juu ya dari, ikawa uvundo wa siku nyingi. Ama sumu zinazouzwa mafungu madogo bila jina wala maelezo, hizo ni khatari zaidi, kwani hata mganga hatajua amtibu aliyedhurika kwa dawa gani.

Mtume (s.a.w.) ameweka msingi kwamba kusiwe na kudhuru wala kudhuriana. Paka hajui mpaka wa kiwanja, na kuku wa jirani hajui kusoma. Basi nyumba yenye wanyama, au iliyopakana na nyumba zenye wanyama, na hali hii ndiyo ya mitaa yote ya Lamu, na Mji wa Kale wa Mombasa, na Mji Mkongwe wa Unguja, haifai mwenye nyumba kutupa sumu ovyo ndani yake wakati njia nyingine zipo. Na paka akionekana amelegea, ufizi wake umepauka, au anatokwa na damu, apelekwe haraka kwa daktari wa mifugo pamoja na karatasi ya sumu ikiwa imepatikana. Kwa sumu hizi za damu, vitamini K huwa ni dawa, iwapo amewahiwa.

Gundi ni mbaya kuliko sumu kwa upande wa mateso. Panya hunata miguu na uso, akajivuta mpaka ngozi ikachubuka, na huenda akakaa hivyo usiku kucha. Hakuna katika hilo kuua vizuri, bali ni kukifunga kiumbe mpaka kife, na khabari ya aliyefanya hivyo imeshatajwa. Tena gundi haichagui, hunasa mjusi, ndege na mtoto wa paka sawasawa. Aliyekwisha kuinunua na aitupe. Na ikimnasa paka, apakwe mafuta ya kula polepole mpaka anasuke, kisha aoshwe kwa sabuni.

FASILI YA SITA: HAKI YA PAKA

Paka ni msaidizi, naye ana haki. Amepokea Abu Qatada kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwani ni katika wale wanaozunguka baina ya watu majumbani mwao. Kwa hiyo kumfuga ni jambo jema, na harufu yake peke yake huwatia panya khofu.

Wako watu wanaomnyima paka chakula ili awinde. Hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, mwenye mnyama analazimika kumlisha, au kumwacha huru ajitafutie. Pili, paka huwinda kwa tabia yake, si kwa njaa tu. Mwenye njaa huliacha windo la shida akaenda kudokoa jikoni kwa jirani. Na katika hilo yako madhehebu: Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaji kwamba paka aliyejulikana kwa desturi ya kuharibu ndege au chakula cha watu, mwenyewe hulipa kilichoharibiwa, iwe usiku au mchana, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Basi mwenye kufuga paka dhidi ya panya wake, asiufanye msiba wa njiwa wa mwenzake.

MAS'ALA YA TOHARA

Suali: Panya amekufa ndani ya samli. Itupwe yote?

Jawabu: Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Maimuna kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa jambo hili, akaamuru atupwe panya na samli iliyomzunguka, na iliyobaki iliwe. Wanavyuoni wa Kishafi wamesema hiyo ni samli iliyoganda. Alama ya kuganda ni kwamba ukichotwa upande mmoja, pengo halijazi upesi kwa samli ya pembeni. Ikiwa ni ya majimaji, yote imenajisika, wala hakuna njia ya kuitoharisha. Mafuta ya nazi huyeyuka katika joto la digrii 24 au karibu yake. Kwa hiyo pwani huwa majimaji karibu siku zote, na hukumu yake ni hiyo. Yafaa kuyawasha katika taa, ila si msikitini.

Suali: Panya amekutwa amekufa ndani ya maji.

Jawabu: Maji yakiwa chini ya kulla mbili, ambazo hukadiriwa lita 200 au karibu yake, yamenajisika. Yakifika kulla mbili au kuzidi, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, au ladha, au harufu. Na panya akitoka mzima, maji ni tohara. Lakini tohara ni jambo moja na afya ni jambo la pili. Maji ya kunywa aliyoingia panya yamwagwe, na chombo kisuguliwe.

Suali: Paka amekula panya, kisha akanywa katika bakuli la maji machache.

Jawabu: Akionekana anakunywa papo hapo na mdomo una najisi, maji yamenajisika. Lakini akitoweka kwa muda unaowezekana kuwa amekunywa maji mengi mahali pengine, kisha akarudi akanywa, maji hayanajisiki kwa kauli iliyo sahihi zaidi.

Suali: Mavi ya panya yameonekana juu ya mchele mkavu.

Jawabu: Mavi ni najisi, lakini kikavu hakinajisishi kikavu. Yaondolewe, mchele uchekechwe, kisha uoshwe. Punje zilizolowa mkojo, au zilizotafunwa, zitupwe. Na mavi ya sakafuni yasifagiwe makavu, kwani vumbi lake huvutwa puani. Yamwagiwe kwanza maji ya sabuni, yaachwe kidogo, kisha yapanguswe kwa kitambaa, na mikono ioshwe.

KHATIMA

Muhtasari wa somo ni huu. Panya huuawa, wala hapana lawama, lakini haadhibiwi. Aliyefunga chakula na njia amefanya sehemu kubwa ya kazi. Mtego unaoua kwa pigo moja, au kizimba kinachotazamwa asubuhi na jioni, humaliza iliyobaki. Sumu na gundi huanza kwa panya na kuishia kwa paka, na kwa kuku, na kwa jirani.

Wasemao hakuna haja ya huruma kwa kiumbe duni kama huyu na wazingatie: ihsani haikupimwa kwa thamani ya anayefanyiwa. Kumtendea wema farasi wa thamani ni rahisi, kwani mali yake humtetea. Panya hana wa kumtetea, na anayemwua ana haki ya kumwua. Basi hapo ndipo hujulikana kama mtu aliifuata amri kwa ajili ya Mola wake, au aliifuata pale tu ilipomfaa mwenyewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, na kwake ndiko kutakwako taufiki.